Uso Hautumwi

Nimestaafu. Wenzangu walinifanyia chai, wakanipa saa ya ukutani ambayo haijatembea tangu nilipoitundika, na kijana mmoja akasimama akaomba mzee awaachie siri za kazi. Nilimwambia siri sina. Kisha, kabla hata chai haijapoa, nikamsikia kijana huyo huyo kwenye dirisha la dawa akimwambia mama mmoja, "Mpake binti yako hii asubuhi na jioni." Binti mwenyewe hakuwapo. Alikuwa nyumbani. Kipele chake kilikuwa kimeletwa kwa mdomo wa mama yake, kikapimwa kwa masikio, kikapewa dawa. Nikaweka kikombe chini. Miaka yote ile, na bado.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaobaki kazini. Vyeo na mishahara yangu havitawasaidia kitu mkiwa na mgonjwa mbele yenu, kwa hiyo naviacha. Nitaandika juu ya nyuso, kwa sababu nyuso ndizo zilizonilisha na ndizo zilizonichosha.

Diploma yangu sikupewa na mjomba. Niliondoka Likoni nikiwa msaidizi wa mpishi melini, nikashuka katika mji mmoja wa bandari huko Uingereza, nikaosha vyombo katika jiko la hospitali. Kutoka jikoni niliingia kwenye mafunzo ya uuguzi, na kutoka uuguzi nikasomea magonjwa ya ngozi mpaka nikapewa karatasi yenye mhuri. Hakuna mwana wa mtaa wetu wa Shika Adabu aliyekuwa nayo kabla yangu, na kwa muda mrefu hakuna aliyeipata baada yangu. Nasema hivi kwa kujisifu, na haki ninayo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sista msimamizi wa wodi ya ngozi, mwanamke mrefu asiyecheka. Siku ya kwanza aliniuliza mgonjwa wa kitanda cha mwisho ana nini. Nikafungua faili nianze kusoma. Akalifunga na kidole changu kimo ndani. "Sikukuuliza faili lina nini," akasema. Akamgeuza mgonjwa akabili dirisha, akanawa mikono, akamtazama kimya kwa muda mrefu, shavu hili na hili, masikio, nyuma ya masikio, mpaka kwenye nywele. Ndipo akamuuliza amejipaka nini. Jina la ugonjwa alilitaka mwisho kabisa, kwa sababu, alisema, jina likitangulia macho hufumba. Sijawahi kufundishwa neno bora kuliko hilo katika lugha yoyote.

Nikarudi nyumbani mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikapangiwa zahanati upande wetu wa Likoni. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye chumba kimoja cha kutibia, dirisha la kutolea dawa na benchi nje. Nilikuja na kioo changu cha kukuzia na tochi. Nilikuta birika la kuchemshia sindano, chupa za ile dawa ya zambarau, mkebe wa mafuta ya salfa, kalamini, na Bwana Kibwana. Kibwana ndiye aliyekuwa akitoa dawa. Alikuwa mtu mwema mno, na mkono wake ulikuwa mwepesi kupita kiasi: ukitaja ugonjwa, yeye ameshafungua kopo. Niliitundika diploma ukutani asubuhi. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshabatizwa Bwana Diploma, na jina hilo halikunitoka tena.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye ngozi safi kama sahani.

"Nimetumwa dawa," akasema.

"Dawa ya nini?"

"Ya uso."

"Uso wa nani?"

"Wa mke wangu."

"Uko wapi?"

"Uko nyumbani, pamoja na mwenyewe."

Nilidhani ni mzaha. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Hapa kwetu kutuma ni adabu. Mke hutuma, mkwe hutuma, mzee hutuma kwa sababu ya uzee wake. Anayekuja mwenyewe huonekana hana watu. Sipingi adabu, nimezaliwa ndani yake. Lakini tumbo linaloumwa laweza kusimuliwa, na kikohozi chaweza kuigizwa. Uso hautumwi. Niliyasema hayo kila siku ya Mungu, na kila siku ya Mungu watu waliniitikia "Kweli kabisa," kisha wakanieleza kilichowaleta: kipele cha shemeji.

Tena kuna maneno. Sisi watu wa pwani hujiona ndio wenye Kiswahili, na wallahi ndio sisi, lakini wingi wa maneno hauponyi. Mzee mmoja kutoka bara kidogo ya Likoni alinijia akaniambia kijana wake ameshikwa na chunusi. Kibwana akafungua kopo la salfa. Nami, kwa kuwa benchi lilijaa, nikamweleza mzee jinsi ya kupaka. Akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nimpake mguu upi?" Chunusi yake ilikuwa yule pepo wa majini, avutaye watu chini. Kijana alikuwa akioga kwenye mkono wa bahari, akavutwa mguu na kitu, au na woga, na tangu hapo hataki kuingia hata kwenye karai. Benchi lilicheka wiki nzima. Mimi niliwauliza: kijana angeletwa, si ningeona ana uso kama wa malaika?

Basi shikeni haya, nami nitayasema kwa ufupi. Chunusi za ujana hazitaki vita. Zinataka sabuni laini na maji, asubuhi na jioni, salfa kidogo, na subira ya wiki kadhaa. Mafuta ya nazi yabaki kwenye nywele. Yakiteremka kwenye kipaji huziba vitundu vya ngozi, kisha mtu akalaumu hasadi ya jirani. Vijana wa kiume walitaka zipotee kabla ya Idi. Niliwaambia Idi huja kila mwaka. Vipele vya joto vya watoto vinataka upepo na maji ya baridi, si poda juu ya poda mpaka mtoto awe kama samaki aliyetiwa unga tayari kwa kukaangwa. Choa mtakijua kwa ule mviringo wenye ukingo ulioinuka na katikati kama pameanza kupona. Mafuta yake yaendelee kupakwa hata baada ya kutoweka, maana kinachotoweka kwanza ni kile kinachoonekana tu.

Baka jeupe kwenye shavu la mtoto mara nyingi ni mba au ukavu. Lakini msiseme mba mpaka mmemfumba macho na kumgusa kwa uzi wa pamba. Asipoujua mguso, wekeni mafuta chini, apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni ukoma, na ukoma ukiwahiwa hutibika. Kidonda cha usoni kisichopona, alama nyeusi inayobadilika umbo, wekundu unaotambaa na kuwa wa moto mkiugusa, uvimbe karibu na jicho, homa juu ya kipele: hayo si ya dirishani. Na siku Uhuru ulipokaribia, maduka ya mjini yalijaa sabuni na krimu za kuchubua, wanawake wakaja, yaani wakatuma, kuomba dawa ya nyuso zilizobabuka. Niliwatumia jibu kwamba dawa ni kuitupa ile sabuni. Hawakunishukuru.

Sasa nije kwa Mwanaidi.

Alikuwa binti wa Mzee Bakari wa Shika Adabu, mtu wa mashamba ya minazi, na alikuwa ameposwa na watu wa Kisauni. Ilikuwa mwaka wenyewe wa Uhuru. Mwari alikuwa ameshawekwa ndani, hatoki na haonwi, chini ya mkono wa somo wake Bi. Rukia. Somo ndiye humfunda mwari na kumlinda mpaka siku ya harusi, na ndiye humsugua singo, ule mchanganyiko wa liwa na marashi, mpaka ngozi ing'ae. Bi. Rukia alikuwa somo wa nusu ya mabibi harusi wa Likoni. Mdomo wake ulijulikana mpaka Mtongwe.

Alikuja zahanati Jumatatu, harusi ikiwa Ijumaa yake, mikono ikinukia.

"Shikamoo, Bi. Rukia."

"Marahaba, Bwana Diploma. Nipe dawa ya chunusi niende zangu, singo yanikaukia mikononi."

"Chunusi ya nani?"

"Ya mwenye nayo."

"Iko wapi?"

Akaweka kidole juu ya mdomo wake, chini kidogo ya tundu la pua. "Hapa. Ni moja tu, lakini ina roho mbaya."

"Mlete niione."

Akanitazama kama niliyemwomba shamba la babake. "Mwari aliye ndani? Bwana harusi mwenyewe hajamwona, ndio umwone wewe?"

"Mimi ni tabibu, bibi."

"Wewe ni mwana wa Mwanakombo. Nimekupakata mimi, ukanikojolea leso mpya. Diploma imekufuta mkojo, haikukufanya mwanamke."

Benchi lote likacheka. Kibwana naye akacheka, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya kopo, nikauondoa. Nikamwambia Bi. Rukia wasiikamue, wasiitoboe, wasiisugue. Waweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu, wakinyanyue, waweke tena, basi. Pale kati ya pua na mdomo si pa kuchezea, nikamwambia, kwani damu ya pale ina njia za kupita nyuma ya jicho mpaka ndani ya kichwa. Akivimba au akipata homa aletwe, awe mwari asiwe mwari.

"Inshallah," akasema, kwa sauti ile ambayo maana yake ni hapana.

Kesho yake sikuwapo. Nilikuwa nikichanja watoto Mtongwe. Kesho kutwa yake alikuja Mzee Bakari mwenyewe, kanzu safi, na mashaka usoni.

"Nimetumwa dawa ya jicho, mwanangu."

Kibwana, akiwa ameshaivuta tyubu ya mafuta ya macho, akasema kwa huruma yake yote, "Poleni, mzee. Nyumba yenu wiki hii haina raha. Jana kichwa, leo jicho."

Nikasimama. "Kichwa gani?"

"Alikuja shangazi mtu," Kibwana akasema. "Homa na kuumwa kichwa. Nikampa aspirini."

"Mzee Bakari, kichwa cha jana kilikuwa cha nani?"

"Cha Mwanaidi."

"Na jicho la leo?"

"Lake. Limevimba, latoka maji."

"Na ile chunusi ya mdomoni?"

"Chunusi ni mambo ya wanawake. Hayo siyajui."

Uso mmoja ulikuwa umeletwa zahanati vipande vitatu, kila kipande na mjumbe wake, na hapana mjumbe aliyejua mwenzake kabeba nini. Ningekuwa na nywele za kung'oa ningezing'oa. Nilichukua sindano, penisilini na tochi, nikamwambia mzee atangulie.

Uani wanawake walikuwa wakipeta mchele wa harusi. Bi. Rukia alisimama mlangoni pa chumba cha mwari, mikono kiunoni, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hapa hapaingii mwanamume."

"Mlifanya nini, Bi. Rukia?"

"Ilikuwa imeiva."

"Mlifanya nini?"

"Niliitoboa kwa mwiba wa mlimau. Nikaikamua ikatoka yote. Kisha nikamsugua, nisije nikamwachia alama." Akamtazama Mzee Bakari. "Wote nimewafanyia hivi. Wote."

"Nipishe, bibi."

"Ukimwona wewe, watu watasema nini? Watasema mwari wa Bakari alionwa kabla ya siku yake, na mimi nimekaa hapa."

Ndipo sauti ikatoka ndani, ndogo, ya mtu anayesema bila kusogeza midomo.

"Somo, mwache aingie. Naona milango miwili, na sijui atapitia upi."

Bi. Rukia akasogea kando.

Mdomo wa juu ulikuwa mgumu kama jiwe. Kope la kushoto limefumba karibu lote kwa uvimbe, na nilipolifunua, jicho lilikuwa limesukumwa mbele. Nilimwambia afuate kidole changu. Jicho la kulia lilikwenda nacho. La kushoto likabaki lilipo. Alikuwa wa moto kama mkate. Nilimdunga penisilini pale pale, nikatoka uani, nikasema lazima avuke feri aende hospitali kubwa ya kisiwani, saa hiyo hiyo.

"Mchana huu?" akasema Mzee Bakari. "Watu wa Kisauni wako pale ferini, wanashusha vyombo vya harusi. Mama wa bwana harusi yuko nao. Mwanangu apite mbele yao na uso huo? Tungoje magharibi. Au nenda wewe, uwaeleze madaktari, wakupe dawa."

Nakiri hapo nilipandisha sauti, na sijutii. Nilimwambia, "Mzee wangu, nimechoka kutumwa. Jicho hili silibebi mkononi. Ugonjwa huu uko nyuma yake na unaelekea kwenye ubongo. Akingoja magharibi huenda akapofuka. Akingoja Ijumaa, huo mchele utapikiwa matanga."

Mzee alikaa kwenye kiti, akafunika uso kwa kofia yake. Shangazi akaanza kulia. Hakuna aliyetoa ruhusa, na hakuna aliyeikataa, na muda ulikuwa ukienda bure, jambo ambalo watu wetu hulifanya vizuri kuliko taifa lolote nililoliona.

Aliyeamua ni Bi. Rukia. Aliingia ndani, akatoka amevaa buibui, amemkumbatia Mwanaidi aliyefunikwa leso kichwani mpaka magotini. "Gari liko wapi?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimchelewesha.

Mwenye duka wa jirani alitupa gari lake la kubebea magunia. Ferini tulishuka ili tuvuke kwa miguu na abiria wengine, na upepo wa pale mnaujua. Leso iliruka. Bi. Rukia aliidaka, lakini si kabla ya watu kuona, na katikati ya watu hao, kando ya rundo la viti na masufuria, alisimama Bi. Zainabu, mama wa bwana harusi, mikono yake miwili ina hina mpya. Alimtazama Mwanaidi. Tukapanda. Mlango wa feri ukainuliwa.

Hospitalini walimlaza na kumtia dawa usiku na mchana. Daktari aliniambia angecheleweshwa mpaka kesho yake asingekuwa na la kumfanyia. Aliniuliza pia nilisomea wapi, nikamweleza kwa urefu.

Ijumaa ikapita. Mchele ukarudishwa ghalani. Likoni nzima ikawa na habari: mwari wa Bakari ana ukoma, mwari wa Bakari amerogwa, mwari wa Bakari amepofuka macho yote mawili. Walionijia zahanati kuuliza walikuwa wengi kuliko wagonjwa, na kila mmoja alisema ametumwa na mwingine. Mzee Bakari aliacha kuniitikia salamu. Siku moja alinisimamisha njiani, akasema, "Mtoto umeniponyea, Mungu akulipe. Harusi umeniulia." Kisauni walikuwa kimya, na ukimya wa wakwe ni jibu lenyewe, kila mtu alisema hivyo. Nilikasirika kwa niaba ya jicho. Jicho lilikuwa linarudi, siku kwa siku. Uvimbe ulishuka, kope likafunguka nusu, kisha zaidi. Lakini hakuna aliyeuliza habari za jicho.

Nilikuwa nikivuka kila nilipopata nafasi kwenda kumtazama. Alasiri moja nilikuwa kando ya kitanda, na Bi. Rukia, ambaye hakuondoka hospitalini ila kuoga, alikuwa akimlisha uji. Mlango wa wodi ukafunguliwa, akaingia Bi. Zainabu, peke yake, bila mjumbe mbele yake. Bi. Rukia aliruka, akaivuta leso kumfunika mwari uso.

"Wacha, Rukia," akasema Bi. Zainabu. "Uso nishauona ferini. Sikuja kuangalia uso. Nimekuja kujua kama aona."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akamziba Mwanaidi jicho la kulia kwa kiganja, polepole, kisha akainua kidole kimoja cha mkono wake wa pili mbele ya lile la kushoto.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Kidole, mama."

"Vingapi?"

Mwanaidi alikitazama kwa muda. Nikainama niliangalie jicho, mimi na diploma yangu.

"Kimoja," akasema. "Na hina yake imefifia."

Bi. Zainabu akaugeuza mkono, akautazama mwenyewe.

"Basi tutapaka nyingine, mimi na wewe," akasema.